TAHARIRI: Simu isitutolee siri ndani ya basi

Mwezi Agosti 2025 Mamlaka ya Usafiri ya London, TfL, ilianza kubandika mabango ya kuwataka abiria wavae hedifoni wanapotazama video, kusikiliza muziki au kuzungumza na simu. Yalianzia kwenye reli ya Elizabeth, kisha yakaja mabasi na njia nyinginezo. Abiria 1,000 waliulizwa, asilimia 70 wakasema kelele za simu za wenzao zinawaudhi. Ndugu zetu wa Tottenham wanaopanda namba 149 au 279 pale High Road walilijua hilo kabla ya bango.

Hatuna ugomvi na mabango. Tunachopinga ni lawama yote kuangukia kwa abiria, wakati mara nyingine aliyeamua sauti itokee wapi si yeye, bali ni yule aliyetengeneza programu iliyomo ndani ya simu.

Chukua ujumbe wa sauti kutoka Tanga au Goma. Mama anaeleza kuwa fulani amelazwa, zinatakiwa fedha kiasi hiki, na kaka mkubwa asiambiwe. Msikilizaji amevaa hedifoni za Bluetooth, basi linakaribia Seven Sisters, betri ya hedifoni inakwisha. Programu iliyotengenezwa ovyo inaendelea, safari hii kwa spika. Wapo wanaojifariji kuwa Kiswahili ni maficho. Tottenham? Kiti cha mbele yupo Mkongo, nyuma yupo Mganda, na pembeni Msomali aliyekulia Mombasa. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata ya siku hizi ina spika.

Dawa ipo, tena si ngeni. Hedifoni zinapochomoka au kukatika, Android hupeleka taarifa kwa programu kwamba sauti iko karibu kutoka hadharani. Programu inayoisikiliza taarifa hiyo husimamisha mchezo. Isiyoisikiliza huendelea kupiga kelele. Hata ExoPlayer, chombo cha Google kinachotumiwa na watengenezaji wengi kucheza sauti, kipengele hicho huja kikiwa kimezimwa; lazima mtu akiwashe. Ni kazi ya mstari mmoja! Apple nayo inawaelekeza watengenezaji hivyo hivyo: hedifoni zikichomekwa, sauti iendelee, zikichomolewa, isimame. Maana aliyechomoa hakusema anataka basi zima lisikie.

Kwenye simu za kupigiana kupitia intaneti mambo ni magumu zaidi. Kabla ya Android 12, iliyotoka mwaka 2021, mtengenezaji alikuwa akichanganya amri za spika na za Bluetooth, na programu mbili zikaweza kugombania sauti moja. Tangu hapo anaweza kupata orodha ya vifaa vilivyopo na kuchagua kimoja. Kwenye iPhone, sauti ya mazungumzo hupelekwa kwanza kwenye kispika kidogo cha sikioni, isipokuwa mtengenezaji aamuru vingine. Kwa simu ya video amri hiyo tunaielewa. Kwa ujumbe wa mama hatuielewi.

Zamani ulitazama waya ukajua sauti inakwenda wapi. Apple iliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na wengine wakafuata. Sasa simu yaweza kuwa imeshikana na hedifoni zilizo kwenye begi la mtoto au na redio ya gari lililoegeshwa nje, na mwenyewe hana habari.

Vijana wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na hapa London wanatengeneza programu za redio, mawaidha, mahubiri na habari kwa Kiswahili. Tunawaomba waweke kitufe kinachoonyesha jina la kifaa kinachotoa sauti, na programu isirudi kwenye spika mpaka mwenye simu abonyeze mwenyewe. Na wasiijaribu ofisini penye kimya tu. Wapande 279 hadi Edmonton, saa ya watu kutoka kazini, wazime Bluetooth katikati ya ujumbe, waone abiria wangapi watageuka.