Usalama wa Kariakoo Usiuzwe kwa Kilemba

Hakuna Mtanzania asiyeijua Kariakoo. Jina lake ni kumbukumbu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Leo mizigo ya Kariakoo si ya vita tena. Mwalimu anayetafuta sare za wanawe, mwenye duka wa Sumbawanga na mfanyabiashara wa Lubumbashi, wote hukutana katika mitaa ya Kongo, Msimbazi na Uhuru. Eneo hilo ni ghala la taifa, na majirani wengi hulitegemea.

Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alifungua soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake la miamvuli ya zege lilikinga maji ya mvua na kuruhusu hewa kupita. Maana ya jengo lile ilikuwa dhahiri: mnunuzi wa fungu la mchicha anastahili kazi bora ya msanifu kama anavyostahili mteja wa benki.

Maana hiyo haikufuatwa katika mitaa iliyolizunguka soko. Nyumba za kawaida za vyumba vichache zilibomolewa, yakapanda maghorofa. Kila ghorofa ilikatwakatwa kuwa fremu, na kila fremu ikatozwa kodi pamoja na kilemba. Palipokosekana nafasi ya kwenda juu, baadhi ya wenye majengo walianza kuchimba chini ili wapate fremu nyingine. Tamaa ikawa ndiyo mhandisi.

Matokeo yake yanafahamika. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliunguza soko lile kuu. Novemba 16, 2024, asubuhi ya Jumamosi yenye wateja wengi, jengo la ghorofa liliporomoka hapo Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Askari, waokoaji na wananchi wa kawaida walifukua kifusi kwa siku kadhaa. Wala msiba huo haukuwa wa kwanza jijini. Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Baina ya misiba hiyo miwili ilipita miaka 11, muda wa kutosha kabisa kwa mwenye nia ya kujifunza.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kuiacha Kariakoo na kuhamishia biashara katika maduka makubwa ya kisasa nje ya katikati ya jiji, kama Mlimani City iliyofunguliwa mwaka 2006. Maduka hayo yana faida zake, na hakuna sababu ya kuyabeza. Lakini historia yake ni fupi na ina mafunzo. Shoprite iliondoka nchini mwaka 2014, Uchumi ikafuata mwaka 2015, Nakumatt nayo ikaanguka, na Game ikafunga mwaka 2022. Kampuni ya kigeni ikiona hasara hufunga milango na kurudi kwao. Muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo hana kwingine kwa kurudi. Ndiyo maana Kariakoo haina budi kulindwa.

Ulinzi huo hauwezi kuachiwa wapangaji peke yao. Mwenye fremu hawezi kupima nguzo, wala mteja hawezi kujua kinachochimbwa chini ya miguu yake. Hiyo ni kazi ya mtumishi wa umma aliyesomeshwa kwa fedha za wananchi hao hao. Sahihi yake kwenye kibali cha ujenzi ni ahadi kwamba watu watarudi salama makwao. Ofisa anayetia sahihi bila kufika kwenye jengo, au anayefumba macho kwa kupewa bahasha, hatofautiani na mwenye kuchimba msingi kwa sururu.

Baada ya maafa ya 2024, Serikali iliunda tume kukagua majengo ya Kariakoo. Ukaguzi wa namna hiyo usiwe wa kusubiri misiba. Ufanywe kila mwaka, na majibu yake yabandikwe mlangoni mwa kila jengo kwa Kiswahili chepesi, ili mpangaji asome kabla ya kutoa kilemba. Ngazi na njia za kutokea ziachwe wazi, zisigeuzwe kuwa fremu. Machinga watengewe nafasi inayoeleweka, ili gari la zimamoto lipate kupita bila wao kupoteza riziki.

Walimu nao wana sehemu yao. Kijana anayefundishwa leo kwamba kanuni ni pambo la karatasi, kesho atakuwa mkandarasi au mkaguzi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Kariakoo nyufa zimekwisha onekana, na waliozilipia kwa maisha yao hawakuwa wenye majengo.