Mtoto anayecheua hahitaji wembe

Na Rehema Mbaruku

Watoto wachanga hucheua. Maziwa yaliyokwisha kumezwa hupanda taratibu, yakadondokea kanga ya mama, mengine yakiwa yameanza kuganda, na mtoto mwenyewe wala hashtuki. Katika nyumba zetu, hasa mzazi akiwa wa uzazi wa kwanza, jambo hilo huzua kikao. Mmoja atasema ni chango. Mwingine atamfungua mtoto kinywa, amulike kwa tochi ya simu, atangaze kwamba kimeo ni kirefu. Wa tatu atapitisha kidole kwenye ufizi na kugusa vivimbe: hayo ni meno ya plastiki. Arobaini haijafika, na mtoto asiye na ugonjwa wowote amekwishapelekwa kwa mtu mwenye wembe.

Kimeo ni nyama ambayo kila mmoja wetu anayo, na hakihusiki kabisa na maziwa yanayorudi kutoka tumboni. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya kiasi cha robo lita tu mwili mzima. Ukimkata kinywani akavuja usiku kucha, akiba yake ni hiyo. Kidonda hicho ni njia ya vijidudu kuingia kwenye damu, ni njia ya pepopunda, na wembe uliopita vinywani mwa watoto wengine unaweza kubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Meno ya plastiki nayo ni vifuko vya meno ya chonge vinavyosubiri wakati wa kuota. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa meno nchini Tanzania wamekuwa wakipokea watoto waliochimbuliwa ufizi kwa vifaa vichafu, bila ganzi, ati waache kutapika na kuharisha. Wengine hukua na pengo, au na jino la ukubwani lililoota limeharibika, kwa sababu chembe yake ilikuwa chini hapo hapo palipochimbuliwa.

Hasira yangu si kwa akina bibi. Bibi ameona maziwa yanatoka na anataka yakome. Hakuna aliyemweleza kwa nini yanatoka.

Pale umio unapoingia tumboni kuna msuli wa mviringo unaofunguka chakula kikipita, kisha unajifunga. Kwa mtoto mchanga msuli huo bado haujakomaa, hulegea wakati usiotakiwa. Umio wenyewe ni mfupi, chakula chote ni cha maji, na siku nzima anashinda amelala. Maziwa yasirudi kwa nini? Angalau watoto 4 kati ya 10 hucheua. Kwa wengi huanza kabla ya wiki 8, huzidi kama kwenye mwezi wa 4, halafu hupungua mtoto anapoanza kukaa, na 9 kati ya 10 huwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka. Huacha bila dawa, kwa kukua tu.

Doa kwenye kanga hutia hofu kuliko maziwa yenyewe. Mama anayedhani mtoto amerudisha yote aliyonyonya na achukue kijiko kimoja kikubwa cha maziwa, akimwage kwenye kitambaa, aone kinavyosambaa. Kisha amwangalie mtoto: ananyonya kwa hamu? Anakojoa, nepi zinalowa mara sita au zaidi kwa siku baada ya wiki ya kwanza? Uzito unapanda? Siku za mwanzo mtoto hupungua kidogo, hata kufikia sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, na kwa kawaida huurudisha ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo mstari kwenye kadi ya kliniki unapaswa kupanda. Mstari ukipanda, mtoto yuko salama hata kama kanga tatu zinafuliwa kila siku.

Yapo ya kufanya nyumbani, na hayana gharama. Mtoto ashike ziwa vizuri, kinywa wazi kabisa, asivute chuchu peke yake akameza hewa. Maziwa yakitoka kwa kasi akapaliwa, mama aegemee nyuma, mtoto awe juu ya kifua. Anyonye kidogo kidogo mara nyingi. Akimaliza, apakatwe wima kifuani kwa dakika 20 au 30, apigwepigwe mgongoni taratibu mpaka abeue, na asibadilishwe nepi kwa kukunjwa miguu hadi tumboni wakati huo. Kile kitambaa tunachowafunga tumboni kwa kubana, ati kitovu kikae sawa, kifunguliwe. Tumbo lililobanwa linasukuma maziwa juu.

Uji usiingie hapa. Mtoto wa miezi miwili hapewi uji mzito ili maziwa yatulie. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na kucheua si sababu ya kulivunja agizo hilo. Zile chupa za dawa ya gesi za duka la dawa hazitibu kucheua. Na vidonge vya omeprazole, ambavyo sasa watu wanavisaga nyumbani kwa kuambizana, vimepimwa kwa watoto wanaolia na kucheua na havikuishinda dawa isiyo na kitu. Tindikali ya tumbo ni kinga. Ukiizima ovyo unamfungulia mtoto maambukizi. Dawa hizo zina kazi yake, lakini ni daktari anayeziandika.

Kuhusu ulalaji nataka nisikilizwe sana. Wengi huwalaza kifudifudi watoto wanaocheua, wakihofia watapaliwa wakilala chali. Ni kinyume chake. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya umio, na maziwa yanayorudi yanalazimika kupanda mlima ili yaifikie. Akilala kifudifudi umio ndio unaokuwa juu, na kinachotoka huangukia mlango wa pumzi. Ulalaji huo pia unajulikana kuongeza vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Alale chali, mahali palipo sawa, bila mto, hata kama anacheua.

Lakini wapo watoto wanaocheleweshwa kwa kuambiwa tu kwamba ni kawaida. Mtoto wa kati ya wiki ya pili na ya nane anayerusha maziwa kwa nguvu yakatua mbali kila anaponyonya, kisha akalilia ziwa tena kwa njaa, na kadi inashuka, huenda njia ya kutokea tumboni imezibwa na msuli ulionenepa. Huwapata zaidi wavulana. Tiba ni upasuaji mdogo, ule ule aliouandika daktari Mjerumani Conrad Ramstedt mwaka 1912, na mtoto hupona kabisa akiwahi. Anayejikunja mgongo na kulia kila akinyonya, anayekataa ziwa, anayekohoa au kukoroma kifuani kila mara, apelekwe kwa daktari. Damu kwenye matapishi au choo, tumbo lililovimba, utosi uliotuna, joto la mwili la juu au mwili wa baridi, mtoto aliyelegea au anayepumua haraka: hayo hayangojei tarehe ya kliniki.

Na matapishi yakiwa ya kijani kama maji ya mchicha, ondoka saa hiyo hiyo. Hiyo ni nyongo. Utumbo unaweza kuwa umejisokota na damu haipiti, na utumbo wa namna hiyo hufa ndani ya saa chache. Nenda hospitali yenye upasuaji, au kituo kitakachokupa rufaa usiku huo.

Mzazi aliyejifungua salama anapaswa kukaa kituoni angalau saa 24. Muda huo unatosha kumwonyesha mama jinsi mtoto anavyocheua, anavyopakatwa na anavyolazwa. Wakunga wetu wamezidiwa, nalijua hilo, lakini dakika tano za maelezo haya zinaweza kuwaondolea kazi ya kushona kinywa kilichokatwa. Ila wasimweleze mama peke yake. Maneno ya muuguzi hayana nguvu sebuleni mbele ya mama mkwe, shangazi na jirani aliyezaa saba. Bibi ndiye anayemkanda mzazi, ndiye anayemwogesha mtoto, na mara nyingi yuko pale pale nje kwenye benchi na chupa ya uji wa mzazi. Aitwe ndani, apewe shikamoo yake, aelezwe kimeo ni nini na kijani maana yake nini. Baba naye aambiwe siku hiyo hiyo aweke kando nauli ya usiku, na namba ya bajaji iandikwe nyuma ya kadi ya kliniki.