Acheni kusingizia kuki

Jamani, nimechoka. Kila anayesafiri ng'ambo ananijia na lile lile: "Wewe si mtu wa kompyuta? Nimefuta kuki lakini tiketi bado ni ghali!" Huo ni uganga tu. Kuki hukaa kwenye kivinjari chako. Bei haikai huko.

Ndege moja, viti vya kawaida vilevile, huuzwa kwa bei kadhaa, na kila bei ina herufi yake: Y, M, Q na kadhalika. Viti vya herufi rahisi vikiisha unapandishwa hadi inayofuata. Asubuhi ulivikuta, jioni mwingine kashavinunua. Hakuna aliyekupeleleza.

Jirani yangu hapa Landless, Thika, alitafuta tiketi 3 za watu wazima kwenda London. Akafuta kuki mara nne, bei ikakaa palepale. Nikatafuta ya mtu mmoja: ikashuka. Ya wawili: bado iko chini. Ya tatu ndiyo iliyoruka! Viti vya bei ile vilibaki viwili tu, na mfumo ukiombwa vitatu kwa kawaida huwatoza wote herufi moja, ile ya juu. Mwaka jana wakala aliwauzia hivyo hivyo, wakalipa bila kuuliza. Safari hii tofauti ilitosha karo ya muhula.

Tukanunua mbili, kisha moja. (Ndiyo, hizo ni bukingi mbili, na ndege ikifutwa mnaweza kutenganishwa. Pigieni shirika simu waziunganishe. Wenye watoto wadogo, msiwakatie peke yao.)