Barafu, Maji Machafu na Deni la Wanakiswahili

Kila aliyewahi kufyonza barafu ya sharubati utotoni anakumbuka kwamba utamu na rangi hutangulia, na mwishoni husalia donge jeupe lisilo na ladha. Sababu ni kwamba maji yanapoganda polepole, chembe zake hujipanga na kushikana zenyewe kwa zenyewe, na kuitenga sukari kando. Wanasayansi wameigeuza tabia hiyo kuwa njia ya kusafisha maji machafu ya viwandani: maji hugandishwa, barafu iliyo karibu na usafi hutolewa, na uchafu uliokuwa umetawanyika hubaki katika kiasi kidogo cha maji mazito. Kugandisha kilo moja ya maji huhitaji kuondoa kilojuli 334 za joto, ilhali kuivukiza huhitaji takriban 2,260.

Makala haya hayadai kwamba Kisii na Nyamira zijengewe majokofu makubwa kesho. Umeme una gharama, na yale maji mazito bado hutaka pa kutupwa. Yanadai kwamba mkulima wa huko ana haki ya kuipima njia hii, pamoja na nyingine, kwa lugha anayoielewa.

Kahawa imelimwa na Waafrika katika nyanda za Kisii tangu miaka ya 1930. Matunda mekundu humenywa kwa maji mengi, na maji hayo hutoka na sukari, utelezi na asidi. Yakiingia mtoni bila kusafishwa, bakteria huila sukari hiyo na kumaliza oksijeni, nao samaki hukosa pumzi. Mto Gucha hushuka kutoka nyanda hizo hadi Ziwa Viktoria, na wengi huchota njiani. Kinaya ni kwamba viwanda vinavyomenya kahawa kwa kawaida ni mali ya vyama vya ushirika. Mwenye kiwanda na mwenye mtungi mtoni huweza kuwa mtu mmoja, naye ndiye anayepiga kura katika mkutano mkuu wa mwaka.

Atapigaje kura iwapo hoja haijamfikia? Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotaka uchafu unaokula oksijeni usizidi kipimo cha miligramu 30 kwa lita kabla ya maji kuachiliwa, ziliandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 inampa raia haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Haki hizi mbili hazijakutana kando ya mto.

Hapo ndipo deni letu lilipo. Tunasema sukari "imeyeyuka" katika chai, na barafu "imeyeyuka" juani. Mazungumzo ya sebuleni hayadhuriki. Lakini njia hii yote imejengwa juu ya tofauti ya mambo hayo mawili: uchafu umechanganyika na maji hata hauonekani, na barafu ni maji yaliyobadili hali. Tunalo neno "kumumunyika" la kuitia sukari mahali pake. TUKI ilikwisha kuchapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kilichopungua ni sentensi zinazoyatumia maneno hayo mbele ya mkulima.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya wanakemia, nasi wa fasihi tubaki na riwaya zetu. Lakini mwanakemia anajua kinachotokea katika barafu. Ni nani aliyefunzwa kulieleza jambo gumu likaeleweka? Kila mwanafunzi wa shahada zetu na aandike, pamoja na tasnifu yake, kurasa mbili za Kiswahili chepesi kuhusu jambo moja linalowasumbua watu wa kwao, azisome mbele yao, kisha arekebishe pale wasipoelewa. Maji tumekwisha kuyavulia nguo. Hatuna budi kuyaoga.