Zana Ifuate Ardhi

Mvua za masika hazimngoji mtu. Katika visiwa vyetu hushuka baina ya Machi na Mei, na mkulima wa mpunga ambaye bonde lake halijatayarishwa wakati huo amekwisha kupata hasara kabla ya kupanda. Kwa hivyo suala la zana za kulimia si la wataalamu peke yao. Ni suala la chungu cha kila nyumba, kwani sehemu kubwa ya mchele tunaoula Unguja na Pemba bado huletwa kwa meli.

Tumezoea kuzungumza kana kwamba zana ni mbili tu: jembe la mkono, alama ya dhiki, na trekta, alama ya maendeleo. Fikira hiyo ina kasoro, kwani ardhi yetu si moja. Katika mabonde ya udongo mzito, kama ya Cheju, plau la trekta huupindua udongo kwa saa chache, kazi ambayo wenye majembe wangeifanya kwa siku nyingi. Lakini trekta hilo hilo likiingizwa bondeni baada ya udongo kulowa, hukwama, na uzito wake huishindilia ardhi hata mizizi ikashindwa kupenya. Na huko Makunduchi, Micheweni na kwengineko penye mawe ya matumbawe, udongo umejificha katika vishimo baina ya mawe, wala plau halina njia. Hapo wazee wetu walitumia muo na jembe, nao hawakukosea.

Tena tukumbuke kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 wananchi waligawiwa ardhi eka tatu tatu. Katika vishamba vyenye minazi na mikarafuu, trekta kubwa halipati hata pa kugeukia. Hapo ndipo zinapohitajika zana za kati: trekta dogo la kuongozwa kwa mkono, na plau la kukokotwa na ng'ombe. Wenzetu wa Usukumani wamelima kwa ng'ombe miaka mingi. Sisi ng'ombe waliozoea nira tunao, na magari yao tunapishana nayo barabarani. Ajabu ni kwamba ng'ombe huyo hukokota mchanga na kuni, na mwenye shamba, mara nyingi mama wa watoto, huinama na jembe tangu alfajiri.

Kwa maofisa wanaohusika tunasema: matrekta yatengenezwe wakati wa kiangazi, si siku ya mawingu, ratiba ya kulima itangazwe mapema katika kila shehia, na ifuatwe bila ya upendeleo, na mabwana shamba wawafundishe vijana kulima kwa ng'ombe. Kwa wakulima tunasema: ng'oeni visiki mapema, na wenye mashamba yanayopakana waungane ili yalimwe kwa pamoja, kwani trekta linalohama hama hupoteza mafuta na wakati.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkulima wetu ameinama vya kutosha. Asiulizwe tena kwa nini ghala ni tupu, ikiwa zana inayofaa ardhi yake humfikia mvua zikiwa zimekwisha kunyesha.