NJIA YA MKATO KATIKA HESABU

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya kalkulasi. Wengi wetu tunaosoma Hesabu za Ziada hapa Kilakala twakimbilia kanuni za mkato kabla ya kuelewa kinachotafutwa. Kwa maoni yangu, tabia hii itatuangusha.

Iko kanuni moja ya vikomo ambayo twaipata kwa dada zetu wa Kidato cha Tano na cha Sita. Ilichapishwa Ufaransa mwaka 1696 katika kitabu cha L'Hôpital, ingawa aliyeivumbua ni mwalimu wake, Johann Bernoulli. Yasema: tafuta kiwango cha badiliko cha juu na cha chini, kisha ugawanye. Lakini ina masharti. Juu na chini lazima vyote vielekee sifuri, au vyote vikue bila mwisho. Tazameni (x + 1) ÷ (x + 2), x inapokaribia 1. Ukiitumia kanuni ovyo utapata 1. Jibu la kweli ni 2/3.

Intagrali nazo ni hivyo hivyo. Tuseme bomba linaanza bila maji, na kasi yake yaongezeka sawasawa hadi kufika lita 20 kwa dakika mwisho wa dakika 10. Anayezidisha 20 kwa 10 atasema lita 200. Lakini ukichora utaona pembetatu, na eneo lake ni 100. Intagrali yatoa 100 vile vile.

Jambo hili si la darasani tu. Mto Ngerengere, uingiao Bwawa la Mindu, haujai sawasawa masika na kiangazi. Mhandisi akikosea kujumlisha maji hayo, wenye kuumia ni watu wa mji wa Morogoro. Na huenda mhandisi huyo akatoka katika madawati yetu.

Wenzangu watasema mtihani hauna muda. Mimi nasema kuweka 0.99 mahali pa x ni kazi ya nusu dakika, nawe utaona jibu ni karibu 0.67, wala si 1.

Basi nawaomba walimu wetu watuzoeze kukadiria kwanza, kanuni ifuate. Nanyi wazazi wetu, mkituuliza tumepata ngapi, tuulizeni pia tumepataje.