Rafiki Aliyetushika Mkono

Mwezi huu twanena habari ya shukrani, deni ambalo wengi wetu twachelewa kulilipa.

Katika Marekani alikuwako binti, jina lake Helen Keller, aliyezaliwa mwaka 1880. Kabla hajatimiza miaka miwili aliugua, akawa kipofu na kiziwi. Mwaka 1887 akajiwa na mwalimu, Anne Sullivan, msichana wa miaka 20, ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa mabovu. Siku moja Anne alimpeleka penye bomba, akamwagia maji mkono mmoja, na katika wa pili akamwandikia kwa vidole vyake neno la maji, herufi kwa herufi. Ndipo mtoto akafahamu ya kuwa kila kitu kina jina lake. Hata chuoni Anne aliketi karibu naye, akimtilia mkononi maneno ya walimu, naye Helen akahitimu mwaka 1904. Urafiki wao ulidumu hata Anne alipofariki mwaka 1936.

Nasi je? Kila mmoja wetu anaye dada, jirani, au mke wa mwalimu mwenzake, aliyemshika mkono gizani. Sisi wenyewe tulifunzwa kushika kalamu na mama mmoja wa kijijini. Tulimsifu sana siku ya maziko yake. Lakini alipokuwa hai hatukumwambia hata neno moja.

Basi, wewe ambaye rafiki yako yu hai, usingoje. Nenda leo, kabla ya jua kuchwa, ukamwambie asante.